Jembe la Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii hutajwa kwa kero. Ndugu amekuja kusalimia, wiki imekatika, naye bado anauliza chakula kitaiva saa ngapi. Mwenye nyumba hugeukia pembeni akainong'ona. Ikisomwa hivyo, inakuwa methali ya kumtoa mtu mlangoni. Lakini anayeondoshwa hupewa nauli, hapewi jembe. Jembe hupewa mtu wa nyumbani.

Siku mbili za mwanzo mgeni huketi, huletewa maji ya kunawa, hula asichokipanda. Siku ya tatu huamka na wenyeji, huonyeshwa mpaka wa shamba, na jioni hula ugali ambao naye ameutolea jasho. Mwalimu Julius Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 katika kijitabu chake kuhusu ujamaa, akieleza kwamba katika jamii za jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Aliongeza jambo ambalo wengi hulisahau: mgeni mwenyewe huenda akaliomba jembe kabla mwenyeji hajampa. Anayeliomba anajua kwamba kulishwa bila kikomo humpunguzia mtu hadhi.

Mwalimu alikuwa Mkatoliki, na uzeeni alizitungia tenzi habari za Biblia. Si ajabu basi kwamba methali hii na Maandiko vinakutana. Torati iliwakataza Waisraeli kuvuna pembe za mashamba yao na kurudia mganda uliosahauliwa. Huo ulikuwa wa mgeni, yatima na mjane. Utaratibu wake unafaa kutazamwa kwa makini. Mwenye shamba hakuambiwa avune yote kisha ampelekee maskini kibaba nyumbani. Aliambiwa abakize, ili maskini aingie shambani aokote kwa mikono yake. Ndivyo Ruthu, mjane kutoka Moabu, alivyoishi Bethlehemu. Boazi aliwaamuru vijana wake wasimbughudhi, tena waangushe masuke makusudi ili ayapate. Mwanamke huyo wa kigeni akawa bibi mzaa babu wa mfalme Daudi.

Sheria hiyohiyo ilidai kibarua alipwe ujira wake kabla jua halijatua, awe ndugu au mgeni. Jembe bila ujira ni utumwa, na methali haikukusudia hilo.

Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Maneno hayo yamewahi kugeuzwa fimbo ya kuwachapia wenye njaa, lakini uzito wake uko kwenye kutaka. Hayamgusi mgonjwa, wala kikongwe, wala aliyenyimwa shamba. Paulo mwenyewe alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila, waliokuwa wamefukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine, akashona mahema pamoja nao. Mgeni na wenyeji wake, wote watu wa kuhamahama, walishika kazi moja.

Kwa Waislamu wa pwani somo hili si geni: Mtume aliweka ukarimu wa mgeni kuwa siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Tanzania kikatiba ni nchi isiyo na dini, na ni vema iwe hivyo. Hata hivyo, Katiba yake ya 1977 inataja haki ya kufanya kazi katika ibara ya 22 na wajibu wa kufanya kazi katika ibara ya 25. Haki na wajibu ni mpini na bapa la jembe hilohilo.

Taifa hilo liliwahi kuiishi methali hii neno kwa neno. Mauaji ya 1972 nchini Burundi yalipowakimbiza maelfu ya watu, Tanzania iliwapa ardhi Ulyankulu mkoani Tabora, kisha Katumba na Mishamo, ambako leo ni Katavi. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, na huduma ya wakimbizi ya Kilutheri, TCRS, zilishirikiana na serikali. Msitu ukafyekwa, mahindi, maharage, mihogo na tumbaku vikapandwa, na kufikia 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa kwa serikali, wakazi wakijilisha wenyewe. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen, ambayo hupewa wanaowahudumia wakimbizi. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo walianza kupokea hati za uraia wa Tanzania. Jembe lilikuwa limefika mwisho wa safari yake.

Waliofuata hawakupata bahati hiyo. Mwaka 1994 karibu Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban siku moja. Hakuna kijiji ambacho kingeweza kuubeba mzigo huo peke yake, na hofu ya wenyeji juu ya kuni, maji na usalama ilikuwa ya kweli. Kambi zikachukua nafasi ya mashamba. Nyarugusu, huko Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Waliozaliwa humo miaka hiyo sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na wamekua wakipanga foleni ya mgao wa unga katika nchi yenye rutuba, ruhusa ya kutoka kambini ikiwa finyu. Siku yao ya tatu imepita zamani, nao bado wanaitwa wageni.