Uhuru wa Mtu Aogopwaye

Katika nchi ya Marekani kila uchaguzi unapokaribia, watu wanaosimama kuchaguliwa huulizwa swali ambalo kwetu lingeonekana geni: juu ya bunduki, wewe wasimama upande gani? Huulizwa atakaye kuwa Rais, huulizwa atakaye kiti katika Kongresi, huulizwa hata atakaye kuwa mkuu wa polisi wa wilaya. Naye kwa kawaida hujibu kwamba yeye ni mlinzi wa uhuru na wa Katiba. Sitaki kuamua hapa kama bunduki ni njema au mbaya. Wako wengi wagombanao juu ya hilo, na kelele zao zatosha. Nataka kuuliza jambo lililo nyuma yake. Mtu asemapo kwamba aulinda uhuru, tutajuaje kwamba ni uhuru aulindao, wala si rafiki zake tu?

Kwanza yafaa tuyajue maandiko yenyewe. Nyongeza ya Pili ya Katiba yao ilithibitishwa mwaka 1791, nayo ni sentensi moja tu. Yataja jeshi la raia lenye taratibu njema, kuwa ni la lazima kwa usalama wa dola iliyo huru. Kisha yasema kwamba haki ya watu ya kuweka na kuchukua silaha isivunjwe. Bunduki za siku zile zilikuwa ndugu za gobore: baruti hutiwa kwa mdomo, ikashindiliwa kwa mdeki, na mpigaji hodari hupiga mara tatu au nne kwa dakika, basi. Kwa muda mrefu wanasheria walishindana, je, haki hii ni ya jeshi la raia, ama ni ya kila mtu nyumbani mwake? Mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watano kwa wanne, kwamba ni ya kila mtu.

Huku kwetu, Kenya na Tanzania, raia mwenye bunduki huwa nayo kwa leseni. Serikali humpa, na serikali yaweza kuichukua. Wao waliiandika kuwa haki, na leseni na haki ni vitu viwili. Leseni hutoka kwa mkubwa. Haki haitoki kwa mkubwa, wala mwenye kuomba kura hana mamlaka ya kumgawia huyu na kumnyima yule, kama kwamba ni nguo za sikukuu. Hapo ndipo penye shauri langu lote.

Kiko chama cha wenye bunduki kiitwacho National Rifle Association, kilichoanzishwa mwaka 1871. Chama hiki huwapa waombao kura alama kama tuwapavyo watoto shuleni: A kwa aliye bora, F kwa aliye adui. Hupelekewa karatasi ya maswali, na akataaye kujibu huandikiwa alama ya kuuliza. Wenzao wa upande wa pili, chama cha Everytown, nao wana karatasi yao. Sisi walimu twaijua hatari ya alama. Mtoto mwerevu hujifunza upesi lile apendalo msahihishaji, akaliandika, na kesho yake amelisahau. Kirsten Gillibrand, alipokuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi kwa wilaya ya mashambani katika jimbo la New York, alikuwa na A. Mwaka 2009 aliteuliwa kuwa Seneta wa jimbo zima, pamoja na jiji lake kubwa. Haikupita miaka mingi akawa na F. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alionana na watu waliofiwa na mtoto wao, akaona haya kwa yale aliyoyashika zamani. Yawezekana ndivyo, mtu kubadili nia si dhambi. Lakini alama ile ya kwanza na hii ya pili, zote mbili zapatana vizuri mno na watu waliokuwa wakimpigia kura.

Kwa hiyo mimi naona kipimo cha karatasi hakitoshi. Mtazame mtu, uhuru uleule ukiwa mikononi mwa yule amwogopaye, atafanyaje.

Siku ya tarehe 2 Mei 1967, vijana weusi wapata thelathini wa chama cha Black Panther walikwenda mji wa Sacramento, wakaingia katika jumba la serikali ya California wakiwa na bunduki wazi mikononi. Walifuata sheria ya jimbo kama ilivyokuwa siku zile, maana haikukataza kuchukua bunduki hadharani. Walikuwa wakiupinga mswada uliotaka kuwazuia watu kuchukua bunduki zilizotiwa risasi mahali pa watu wote, nao waliamini kwamba mswada huo ulitungwa kwa ajili yao, kwa kuwa walikuwa na desturi ya kuwafuata polisi barabarani wakiwatazama. Gavana wa jimbo alikuwa Ronald Reagan. Siku hiyohiyo alisema kwamba haoni sababu ya raia kutembea njiani na silaha iliyojazwa, na mwezi wa Julai mwaka uleule akautia mswada sahihi ukawa sheria. Chama cha National Rifle Association hakikupiga kelele, kiliuunga mkono. Mwaka 1980 Reagan aliposimama kuwa Rais, chama hicho kilimkubali hadharani kuwa ndiye mtu wao, jambo ambalo hakijapata kumfanyia mtu yeyote aliyeutaka urais kabla yake. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Hapa bunduki ilikuwa tamu au chungu kwa kadiri ya rangi ya mkono ulioishika.

Msomaji asiyependa bunduki asicheke upesi. Michael Bloomberg, aliyekuwa meya wa jiji la New York tangu 2002 hata 2013, ni mtu aliyetoa mali nyingi sana ili sheria za bunduki zikazwe. Katika siku zake polisi wa jiji waliwasimamisha watu njiani na kuwapekua, ati wapate kuziondoa bastola. Mwaka 2011 peke yake walisimamisha watu zaidi ya mara 685,000. Wengi walikuwa vijana weusi na vijana wa asili ya Amerika ya Kilatini, na karibu mara tisa katika kila kumi mtu aliachwa aende zake, hakukamatwa wala kuandikiwa kosa. Basi iko Nyongeza ya Nne katika Katiba ileile, ilindayo mtu asipekuliwe bila sababu ya haki. Mwaka 2013 jaji wa mahakama ya dola aliamua kwamba kazi ile, kwa namna ilivyofanywa, ilikuwa imeivunja Katiba. Bloomberg aliitetea kwa miaka mingi. Mwezi wa Novemba 2019 alikwenda katika kanisa moja la watu weusi huko Brooklyn, akaomba radhi. Juma moja baadaye alitangaza kwamba anasimama kuwa Rais.

Mmoja alisema aupenda uhuru wa silaha, wa pili alisema aupenda usalama wa watoto. Wote wawili, gharama ilipokuja, waliipeleka mlango uleule.

Lakini yuko atakayenijibu: Mwalimu, hofu nyingine ni ya kweli. Naam, ni ya kweli. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi katika nchi ile, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Mwezi wa Mei 2022, katika shule moja ya mji wa Uvalde, Texas, waliuawa watoto 19 na walimu wawili. Sijui mwalimu awezaye kuisoma habari ile mara mbili. Asemaye kwamba hofu haina haki yoyote mbele ya uhuru, huyo hajapata kusimama mbele ya darasa. Hata hivyo hofu yaweza kupelekwa mbele ya jaji ipimwe, nayo yaweza kuachwa ijiamulie yenyewe. Mwezi wa Juni 2024 Mahakama ya Juu, majaji wanane kwa mmoja, ilikubali kwamba mtu ambaye mahakama imemwona kuwa ni hatari kwa mwenziwe aweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Pale mtu aliitwa, akasikiwa. Linganisheni na maneno ya Donald Trump, aliyekuwa Rais, tarehe 28 Februari 2018, majuma mawili baada ya watu 17 kuuawa katika shule ya Parkland, Florida: alisema mbele ya wajumbe wa Kongresi kwamba yeye angependa bunduki zichukuliwe kwanza, mambo ya mahakama yafuate nyuma. Wenye bunduki walinung'unika siku chache. Mwaka 2020 chama chao kilimkubali tena.

Ningelikuwa na kura huko, mimi ningemwuliza mwombaji habari ya tarehe 30 Januari 1956. Usiku huo bomu lilitupwa barazani pa nyumba ya mchungaji kijana mjini Montgomery, Alabama; mkewe na mtoto wao mchanga walikuwamo ndani. Mchungaji huyo alikuwa Martin Luther King. Baada ya hayo aliomba kibali cha kuchukua bastola, na wenye mamlaka wakamnyima. Hatimaye yeye na mkewe walikata shauri la kutoweka bunduki nyumbani kabisa, naye akashika njia ile tuijuayo. Lakini siku alipoomba, alikuwa raia mwenye nyumba iliyopigwa bomu, na Katiba yake ilikuwa na miaka zaidi ya mia na sitini ikisema neno lilelile. Ningemwuliza mwombaji: ungekuwa wewe katika ofisi ile, kalamu mkononi, ungeandika nini?