Mifupa Hii ni ya Nani?

Naanza kwa kukiri kosa. Nilimdanganya bibi yangu, mama yake mama, na nilimdanganya kwa nia njema. Uongo wa nia njema ni hatari kuliko mwingine wote, maana mwenye kuusema hauoni.

Bibi anaishi Hanang, si mbali na Katesh. Mwaka jana aliteleza uani na ndoo ya maji, akavunjika mkono. Hakuanguka mtini wala kugongwa na gari; alianguka kwa kimo chake tu, mfupa ukakatika. Mjomba aliyeko Dar akasema aletwe apimwe mifupa. Mie, niliyemaliza kidato cha nne na kubaki nyumbani nikiandika riwaya isiyoisha, ndiye niliyemsindikiza. Kazi yangu ilikuwa ukalimani. Kiswahili cha Bibi ni cha sokoni. Kiiraqw ndicho cha moyoni.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unalala chali, mashine inapita juu yako ikipiga eksirei kidogo sana, dakika chache umemaliza. Karatasi ikatoka: nyonga -2.9, uti wa mgongo -1.2. Daktari akasema harakaharaka kwamba madini ya mifupa yamepungua, aanze kidonge, kimoja kila wiki. Bibi akanigeukia: "Anasemaje?"

Nikamjibu: "Anasema uko mzima, ila utameza kidonge cha nguvu."

Niliogopa. Nilidhani akijua ukweli atajiona yai, ataacha kutoka nje, atakufa kwa hofu kabla ya mfupa. Hivyo ndivyo nilivyojitetea. Lakini hebu tujiulize: nani alinipa ruhusa ya kuamua Bibi ajue nini kuhusu mwili wake? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuliporudi nikaanza kuuliza na kusoma. Kumbe ile namba haihesabu nguvu ya mfupa. Inapima wingi wa madini, kisha inamlinganisha mtu na wanawake vijana. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilipanga mipaka: kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida, kati ya -1 na -2.5 madini yamepungua, -2.5 kwenda chini ni ugonjwa wenyewe wa mifupa kudhoofika, osteoporosisi. Na kwa nyonga, wanawake wanaotumika kama kigezo cha kimataifa ni weupe wa Marekani wenye miaka 20 hadi 29. Bibi yangu wa Hanang, aliyebeba kuni maisha yake yote, amepimwa kando ya binti wa Marekani!

Usicheke ukaitupa karatasi. Namba ikishuka, hatari ya kuvunjika hupanda kweli. Tena mfupa uliovunjika kwa kuanguka kidogo ni onyo tosha, hata kama namba ingekuwa nzuri.

Jambo lililoninyima usingizi ni jingine. Sisi wa Bonde la Ufa tunajulikana kwa meno. Ukicheka Dar, mtu anakuuliza, "Wewe wa Arusha au Manyara?" Rangi ile ya kahawia huletwa na floridi ya maji yanayopita kwenye miamba ya volkeno, na mlima Hanang ni volkeno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 8 vijijini. Floridi ikizidi kwa miaka mingi huingia mifupani, na mfupa huweza kuwa mzito na bado ukavunjika upesi, kama chungu. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti wa miaka 4 kwa wanawake 202 wenye mifupa dhaifu. Waliopewa floridi, madini ya uti wa mgongo yaliongezeka kwa asilimia 35. Lakini mivunjiko ya mgongo haikupungua kwa kiasi cha kuaminika, na ya mifupa mingine ikazidi! Sisemi Bibi ana floridi mifupani, hatukupima. Nasema hakuna aliyemuuliza anakunywa maji gani. Kumbe namba nzuri nayo inaweza kudanganya kwa upole, kama mimi.

Basi jioni moja nikakaa naye jikoni nikamwambia yote, na uongo wangu pia. Alinyamaza mpaka nikatamani anitukane. Kisha akauliza, mmoja mmoja.

"Hiyo dawa itanizuia nisianguke?"

"Hapana, Bibi. Inapunguza uwezekano wa kuvunjika ukianguka."

"Ina ubaya gani?"

Nikamweleza: humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, na usilale kwa nusu saa, maana yaweza kuunguza koo. Figo zipimwe kwanza. Mara chache sana huleta matatizo ya taya au ya mfupa wa paja.

Nakiri kosa la pili: nilitegemea akatae. Ningepata kisa kizuri cha bikizee anayeishinda mashine. Yeye akasema, "Nitameza. Anayechota maji ni mimi, siyo wewe. Na yale mawe ya uani uyatoe kesho."

Niliyatoa. Figo zikapimwa, zikawa salama.

Wenzangu mnaoandika, sisi tuliosoma kidogo ndio wakalimani wa nyumba zetu. Barua ya benki, karatasi ya hospitali, hati ya shamba, vyote hupitia midomoni mwetu. Mtu akijua, anaweza kukubali au kukataa, na uamuzi ukabaki wake. Asipojua, tumeshamwamulia, hata kama tulichomchagulia ndicho hicho ambacho angekichagua mwenyewe.

Siku hizi kila Jumapili alfajiri Bibi hukaa wima kwenye kigoda, akihesabu nusu saa yake. Juzi alinigongea mlango: "Mimi dawa inanikataza kulala. Wewe nani anakukataza kuamka?"