Kumuuliza Ndugu Yako Si Kukosa Imani

Somo: 1 Wafalme 19:1-13



Ndugu yetu mmoja, baba wa miaka 47, ameniruhusu niandike haya bila jina. Kila Jumapili nilimsalimu mlangoni, "Bwana asifiwe!" naye akajibu, "Amen, pasta, niko sawa." Kumbe alikuwa ameshapanga siku ya kufa. Biashara ilianguka, mikopo ikamzidi, akaona haya kumwambia hata mama watoto. Aliyemfikia si mimi. Ni mama mhudumu wa afya wa jamii, aliyekuja kumpima presha, kisha akauliza: kwa wiki 2 zilizopita, umepoteza hamu ya mambo? Umejiona huna tumaini? Umewaza afadhali ufe? Akalia kama mtoto.

Je, ni haki kumuuliza mtu hivyo? Wengine wanasema tutamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti unaonyesha kuuliza hakumpandii mtu wazo hilo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kutua mzigo. Wengine wanasema aliyeokoka hawezi kufika huko. Basi Eliya tumweke wapi? Alitoka Karmeli, kwenye moto wa Mungu, halafu akaketi chini ya mti akaomba kufa. Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, na baadaye akamuuliza anafanya nini pale. Mungu anayejua yote aliuliza, akasikiliza jibu.

Nilisomea biashara. Mwenye duka mwerevu hangoji kufilisika ndio ahesabu stoki. Tunapima presha na sukari kabla mtu hajaanguka. Mbona moyo uliovunjika tuungoje mpaka matanga?

Lakini kuuliza kuna deni. Ukiuliza, usiondoke. Usipeleke siri ya mtu madhabahuni ikawa ombi la kanisa zima. Maswali hayo si uamuzi wa daktari. Yanaonyesha nani apelekwe hospitali, nawe umsindikize. Akisema amepanga, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo. Maombi na matibabu havigombani.

Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba. Kama mahakama imeona hivyo, sisi tuliopewa neema tutamhukumu?

Jumapili hii ukisikia "niko sawa," uliza mara ya pili. Mimi nimeanza. Na wewe unayesoma haya ukiwa chini ya mti wako, tuambie. Tutaketi nawe.

Mungu akubariki.