Jiko la Kale na Wajibu wa Mwenye Kulitunza

Mtu akiwa na chombo cha kale kilichoundwa kwa ustadi, je, yampasa kukitengeneza, au kukitupa na kununua kipya? Na tulipime swali hili kwa mfano wa jiko la gesi.

Huko Marekani ziko nyumba ambazo hata leo hupikia majiko yaliyoundwa kabla ya mwaka 1950. Mojawapo ni Chambers, lililoundwa miaka mingi mjini Shelbyville, Indiana. Tanuri lake limezungushiwa vitu vinene vya kuhifadhi joto, hata mpishi aweza kufunga gesi, na nyama ikaendelea kuiva. Mwenye jiko la namna hii huzibua vitundu vya moto kwa waya, huzisafisha koki na kuzipaka grisi istahimiliyo joto. Kazi hiyo ni njema: yakataa israfu, tena yamheshimu fundi aliyekwisha kufa. Wazee walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini wema huo una mpaka. Saa mbovu humsumbua mwenyewe tu. Bali jiko bovu laweza kuwaua waliolala chumba cha pili, ambao hawakuulizwa shauri. Majiko mengi ya zamani hayana kifaa cha kufunga gesi pindi moto mdogo wa kuwashia uzimikapo. Tena moto wa njano wenye masizi ni dalili kwamba gesi haipati hewa ya kutosha. Hapo huweza kutokea kabonimonoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu.

Wanadamu walifundishwa hatari ya gesi kwa machozi. Tarehe 18 Machi 1937, huko New London, Texas, gesi iliyovuja chini ya shule ililipuka, wakafa watu karibu 300, wengi wao watoto. Gesi ile haikuwa na harufu, wala hakuna aliyeitambua. Baadaye sheria ikaagiza gesi itiwe harufu mbaya. Basi harufu ile tuichukiayo ni mlinzi wetu.

Labda mtu atasema, "Jiko hili lilimpikia bibi yangu miaka arobaini bila dhara." Neno hilo si ushahidi. Miaka hulegeza viungo na kuchakaza koki. Kwa hiyo uzee wa jiko ni sababu ya kulichungua zaidi. Kumheshimu bibi ni kupaka povu la sabuni katika kila kiungo na kutazama kama linavimba; ni kumwita fundi wa gesi pale ujuzi wetu ukomapo; ni kutia kifaa cha usalama, hata wapenda vya kale wakilalamika kwamba jiko limepoteza asili yake. Na kama haliwezi kuwa salama, likatwe gesi, libaki pambo.

Nasi tupikao kwa gesi ya mitungi tu chini ya wajibu uo huo. Gesi yetu ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutuama sakafuni, ikingoja cheche. Basi atengenezaye jiko asiulize tu, "Je, litadumu?" Aulize kwanza, "Je, walalao humu wataamka?" Usipoziba ufa utajenga ukuta, bali ufa wa gesi huenda usimwache hata mtu wa kuujenga.