Shahidi, si Mlezi

Demokrasia, ikivuliwa mapambo yake yote, ni watu kujitawala wenyewe. Hapo ndipo penye ugumu unaorukwa kila mashirika ya kimataifa yanapotangaza miradi ya kuimarisha utawala bora katika nchi zinazoendelea: kama jambo lenyewe ni la watu kujiamulia, mtu wa nje atalisaidiaje bila kuliharibu? Akiamua yeye, wenyewe hawajaamua. Akikaa pembeni, mtawala mwenye polisi, redio na hazina ataamua peke yake, kisha auite uamuzi huo sauti ya wananchi. Mwalimu Nyerere aligusa swali hili katika hotuba yake ya Mwaka Mpya wa 1980 kwa mabalozi waliokuwa Tanzania, alipohoji ni lini Shirika la Fedha la Kimataifa lilifanywa wizara ya fedha ya dunia nzima. Alikuwa akizungumzia masharti ya mikopo, lakini hoja yake inakwenda mbali zaidi: madaraka juu ya watu lazima yawe na chimbuko halali, na fedha si chimbuko. Naikubali hoja hiyo kikamilifu. Nisichokubali ni pale watawala wengi walipoifikisha baadaye, kwamba mtu wa nje hana la kusema kabisa.

Wazo kwamba watu fulani wanahitaji mlezi lina historia ndefu kwetu. Mwaka 1859 mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill alidai kwamba uhuru ambao watu hawakuupigania wenyewe haudumu, kwa kuwa ni katika kuupigania ndimo wanamojifunza kuulinda. Kauli hiyo ina ukweli mzito. Libya iliangushiwa mtawala wake mwaka 2011 kwa msaada wa ndege za NATO, na kufikia 2014 ilikuwa na serikali mbili zinazogombania nchi. Ila Mill, aliyeitumikia Kampuni ya India Mashariki kwa miaka 35, aliiwekea kanuni yake mpaka: ilikuwa ya mataifa aliyoyaona kuwa yamestaarabika, na wengine wangeweza kutawaliwa na wageni kwa faida yao. Tanganyika iliwekwa ng'ambo ya mpaka huo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikabidhiwa Uingereza kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa, na kuanzia 1946 ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa maelezo kwamba watu wake wangelelewa hadi waweze kusimama. Kipimo cha kuweza kusimama alikishika mlezi mwenyewe.

Pamoja na hayo, ni ndani ya mfumo huo huo ndipo watu wa Tanganyika walipogundua matumizi mengine ya shirika la kimataifa. Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu takriban Wameru 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao igawiwe walowezi wa kufuga ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Wameru walimtuma Kirilo Japhet hadi New York kulieleza jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Machi 1955 akafuata Nyerere, mwalimu kutoka Pugu, kwa nauli iliyochangwa na wananchi, akaliambia Baraza la Udhamini kwamba Tanganyika ilikuwa tayari kuelekezwa kwenye kujitawala. Wameru hawakurudishiwa ardhi yao na Umoja wa Mataifa, wala Baraza halikumpa Nyerere uhuru. Walichopata ni mahali ambapo dola iliyozoea kusikilizwa peke yake ilipaswa kujibu mbele ya wengine, na kila waliporudi nyumbani walikuwa na jambo la kuwaeleza watu. Uhuru ulikuja Desemba 1961, na waliouleta ni wananchi waliojipanga wilaya kwa wilaya. New York ilikuwa imewasaidia kwa kuwasikiliza.

Huo, kwa maoni yangu, ndio msaada halali, na msingi wake unaweza kuelezwa vizuri. Nchi inapotia saini mkataba wa haki za binadamu inaahidi mataifa mengine jinsi itakavyowatendea watu wake. Wadai wa ahadi hiyo ni hao watu wenyewe. Mataifa mengine na mashirika yao ni mashahidi. Watu wetu wanaouziana shamba wanalijua hili, na Uislamu umeagiza deni liandikwe mbele ya mashahidi kwa sababu hiyo hiyo. Shahidi hana hisa katika shamba, hawezi kupanga kipandwe nini humo, wala hawezi kulichukua kwa kisingizio kwamba wenyewe wanalitunza vibaya. Lakini muuzaji akikana mauzo, shahidi analazimika kusema alichokiona, na akinyamaza ametenda dhuluma. Mlezi anatoa madaraka yake kwenye madai ya kujua zaidi. Shahidi anayatoa kwenye neno la mwenye nchi mwenyewe, na hayavuki mipaka ya neno hilo.

Tuchukue kesi moja tuione kwa karibu. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Tanzania iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba raia ana haki ya kugombea uongozi bila kupitia chama cha siasa. Bunge likabadili Katiba kuifuta nafasi hiyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaamua tena upande wake. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge, yaani Bunge lile lile lililojaa watu ambao mgombea binafsi angekuwa mshindani wao. Milango ya nyumbani ilikuwa imekwisha. Lakini Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu tangu 1984, na mwaka 2010 ilikuwa imetoa tamko, chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoanzisha Mahakama ya Afrika, la kuwaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja. Mtikila akaenda Arusha, yaliko makao ya mahakama hiyo. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikaamua kwamba kumlazimisha raia kujiunga na chama ili apate haki ya kugombea kunavunja haki yake ya kushiriki katika uongozi wa nchi na uhuru wake wa kujiunga, ambao ndani yake mna uhuru wa kutojiunga. Sioni hapa mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Mlalamikaji alikuwa Mtanzania, haki aliyoidai ilikuwa imeandikwa katika mkataba ambao nchi yake iliuridhia kwa hiari, na mahakama haikuiambia Tanzania imchague nani.

Atakayepinga atasema hiyo bado ni mahakama ya nje kupindua uamuzi wa taifa huru. Pingamizi hili ni zito na lina watetezi wanyofu, maana bara hili limeamuliwa mambo mengi na wasiolijua. Lakini Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Ikiwa ndivyo, mamlaka ya taifa haiwezi kutumika kama ngao dhidi ya mwananchi anayedai nafasi ya kuomba kura za wenzake. Serikali iliahidi kwa niaba ya watu. Haiwezi kugeuka na kusema kwamba kuitimiza ahadi hiyo kwa mtu mmoja kati yao ni kuwanyang'anya watu mamlaka yao. Novemba 2019 Tanzania iliandika kuliondoa tamko lake, kwa maelezo kwamba lilikuwa likitumiwa kinyume na masharti iliyoyaweka, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi mwaka uliofuata. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2016. Leo mkazi wa Lilongwe anaweza kufungua shauri dhidi ya serikali yake moja kwa moja katika mahakama iliyopo Arusha, lakini mkazi wa Arusha hawezi. Kujitoa huko kulikuwa halali kisheria. Bado nauliza ni mwananchi gani aliyeongezewa mamlaka siku hiyo.

Sasa tugeuke upande ambako mashirika yenyewe yana makosa. Miaka ya 1980 na 1990 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilidai serikali zipunguze matumizi, zipunguze watumishi na ziwatoze wananchi ada za shule na hospitali. Muda si mrefu wafadhili wakaanza kudai vyama vingi. Novemba 1991, katika mkutano wa Paris, waliisitishia Kenya misaada mipya, na mwezi uliofuata kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kikafutwa. Wengi huutaja mfano huu kama ushindi wa shinikizo la nje. Wanasahau kwamba watu walikuwa wamekwisha kumwaga damu katika maandamano ya Saba Saba mwaka 1990, na kwamba Rais Moi alishinda chaguzi mbili zilizofuata. Lakini dosari inayoniumiza zaidi ni nyingine. Wapiga kura waliambiwa wachague serikali huku mambo yaliyowagusa kila siku, ada ya mtoto na bei ya dawa, yakiwa yamekwisha kuamuliwa kwenye mazungumzo ya mikopo ambayo hakuna mbunge aliyeyajadili. Kura ya namna hiyo ina majina mengi na uamuzi mdogo. Serikali nazo zikajifunza kuwajibika kwa anayelipa: ripoti zikaandaliwa kwa ajili ya Washington na Brussels, kwa Kiingereza, na wananchi wakazisikia kwa mbali. Shahidi akianza kulipa gharama za nyumba huacha kuwa shahidi.

Kenya hiyo hiyo inaonyesha pia kosa la shahidi anayesema mapema. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa, na jopo la Umoja wa Afrika la Kofi Annan, Benjamin Mkapa na Graça Machel likawakutanisha mahasimu hadi mapatano ya Februari 2008. Mapatano yale yalifungua njia ya Katiba ya 2010, na kwa kuwa Wakenya ndio walioijadili na kuipigia kura, imeendelea kusimama. Ulipokuja uchaguzi wa Agosti 2017, waangalizi wa kimataifa wenye majina makubwa waliusifu upigaji na uhesabuji wa kura siku chache tu baadaye, wakati fomu zilikuwa bado zinapokewa. Kwa haki yao, walisema shughuli haijakwisha na wakawaasa wenye malalamiko waende mahakamani. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikaubatilisha uchaguzi wa rais kwa majaji wanne dhidi ya wawili, kutokana na kasoro katika upelekaji na ujumlishaji wa matokeo. Kilichobishaniwa kilikuwa karatasi ya kawaida kabisa: fomu 34A, inayojazwa na msimamizi katika kituo chenye wapiga kura wasiozidi 700, ikatiwa saini na mawakala wa wagombea na kubandikwa mlangoni. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi iliweka picha za fomu hizo za zaidi ya vituo 46,000 kwenye intaneti, na yeyote mwenye subira akaweza kujumlisha mwenyewe. Mabadiliko hayo yalitokana na majaji, wanasheria na wananchi wa Kenya waliodai. Msaada wa nje uliotumika kuwafundisha mawakala kusoma fomu hiyo ulikuwa na thamani kuliko taarifa yoyote iliyosomwa kwa waandishi wa habari katika hoteli ya Nairobi.

Lipo pingamizi la unafiki, nalo sitaki kulipunguza. Marekani peke yake ina takriban asilimia 16.5 ya kura katika Shirika la Fedha la Kimataifa, na kwa kuwa maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85, inaweza kuyazuia peke yake. Katika Baraza la Usalama nchi tano zina kura ya turufu na hakuna hata moja ya Afrika. Vyombo vinavyotuhubiria usawa wa sauti vimejengwa juu ya sauti zisizo sawa, na hilo linapaswa kusemwa waziwazi. Lakini udhaifu wa shahidi haumfutii mdaiwa deni. Mtu aliyekamatwa kwa kuitisha mkutano wa hadhara hafarijiki kuambiwa kwamba Baraza la Usalama nalo halina haki. Kinachofuata kutoka kwenye unafiki huo ni kwamba ushahidi utoke zaidi kwa vyombo ambavyo Waafrika wenyewe wameviunda na kuvisimamia, na kwamba serikali za Afrika zivilipie, badala ya kuliacha jukumu hilo kwa Ulaya kisha kulalamika kuwa Ulaya inaingilia.

Wengine watasema mahakama ya Arusha haina meno, maana hukumu zake nyingi hazijatekelezwa. Hata mgombea binafsi bado hana nafasi katika karatasi ya kura ya Tanzania, na Mtikila alifariki mwaka 2015 bila kuiona. Ni kweli. Lakini meno ya nje ya kuilazimisha serikali yangeturudisha kwa mlezi, na Libya imetuonyesha gharama yake. Hukumu isiyotekelezwa bado ni hoja iliyopimwa na kuthibitishwa, ambayo mbunge, wakili au mwandishi anaweza kuisimamia kila Katiba inapojadiliwa upya. Tamko la Ibara ya 34(6) liliondolewa kwa barua na linaweza kurudishwa kwa barua, na watakaoifanya iandikwe ni Watanzania. Kazi ya Umoja wa Afrika hadi siku hiyo ni kuhakikisha mahakama ina bajeti isiyotegemea wafadhili, ina majaji wasioogopa kurudi makwao, na hukumu zake zinatoka pia kwa Kiswahili, ili mtu ambaye jina lake limo ndani aweze kuzisoma.