Je, Mtoto Huzaliwa na Hofu?

Katika vijia vya msitu kati ya Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, hujilaza kifutu mnene ambaye Muumba amempaka rangi za majani makavu, kahawia juu ya njano iliyofifia. Meno yake ya sumu hufikia sentimita 5, na jicho la mpita njia halimtofautishi kwa urahisi na takataka za msituni. Hata hivyo, mama anayerudi shambani na kitunga cha mihogo mgongoni huweza kusita, mguu ungali juu, kabla hajatambua alichokiona. Nani aliufundisha mguu huo?

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watafiti wa Leipzig na Uppsala waliwaonyesha watoto wa miezi 6 picha za nyoka na za samaki, za buibui na za maua. Mboni za macho yao zilitanuka zaidi mbele ya nyoka na buibui, ingawa umri wao haukuruhusu kufunzwa hatari hizo. Haikuwa hofu kamili. Ulikuwa mwili unaamka.

Hofu yenyewe huja kwa mafunzo. Susan Mineka na Michael Cook waliwaonyesha kima waliokulia maabarani filamu za wenzao wakiogopa. Filamu ilipoonyesha nyoka, watazamaji nao wakaanza kumwogopa. Ilipounganishwa ionekane kwamba kinachotisha ni ua, hawakujifunza kitu. Huko Amboseli, Kenya, tumbili wachanga hupiga ukelele wa tai hata kwa ndege wasio na madhara, kisha hujirekebisha kadiri wanavyowasikiliza wakubwa. Mungu ameulima udongo. Mbegu hupandwa na waliotutangulia.

Lakini nchi hii imeona mengine mazito kuliko nyoka. Tarehe 15 Julai 1871 watu waliokuwa sokoni Nyangwe, kwenye mto Lualaba, walimiminiwa risasi, na Livingstone akashuhudia. Aprili 1893 Kasongo ilitekwa katika vita vya Waarabu na dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1964 ukaja uasi wa Simba, na baadaye vita vingine. Je, hofu ya bibi humshukia mjukuu?

Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, panya dume walifunzwa kwa shoti ya umeme kuogopa harufu fulani. Watoto na wajukuu wao walishtuka zaidi kwa harufu hiyo, ingawa hawakuwahi kuinusa. Namna ujumbe huo unavyofika kwenye mbegu za uzazi bado inabishaniwa, na panya si binadamu. Karibu zaidi na kwetu, mwaka 2012 Connie Mulligan na wenzake walichapisha matokeo kuhusu akina mama 25 na watoto wao wachanga huko Goma. Mateso ya vita wakati wa ujauzito yaliambatana na uzito mdogo wa mtoto, na alama za kikemia juu ya jeni inayousaidia mwili kuitikia msongo.

Alama hizo hazibadilishi herufi za jeni, wala hazibebi kumbukumbu ya bunduki. Zinaonyesha tu kwamba mtoto huanza kuijua dunia kupitia mwili wa mama yake. Ni ajabu kubwa, na ni amana pia: anayempokea mjamzito aliyekimbia vita Kabambare, akampa chakula, usingizi na usalama, anamhudumia kiumbe ambaye Mwenyezi Mungu bado anamfinyanga.