Nenda na Daftari, Mwanangu

Mwanangu, nimesikia majibu ya kipimo cha kinyama yametoka, na kilichoandikwa pale ni saratani ya mlango wa kizazi. Lia kwanza. Hata mimi shangazi yako nililia nilipopata majibu kama hayo. Ukishafuta machozi, keti nikwambie jambo nililochelewa kulijua.

Karatasi yangu ya majibu niliifunga kwenye pindo la khanga, nikakaa nayo wiki tatu bila kumwambia mtu. Nikipika ninayo, nikilala ninayo. Nilidhani naficha aibu, kumbe naupa ugonjwa nafasi ya kutambaa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwa hiyo siku ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road usiende peke yako. Nenda na dada yako, naye abebe daftari. Daktari akishataja saratani, masikio ya mgonjwa huziba. Yaliyobaki atayasikia aliye pembeni. Uliza ugonjwa uko hatua ya ngapi, maana hatua ndiyo inayoongoza tiba. Ugonjwa ukiwa bado mchanga, huenda upasuaji ukatosha. Ukiwa umesogea, mara nyingi hutibiwa kwa mionzi pamoja na dripu ya dawa kila wiki. Kisha uliza bila kuona haya: tiba hii ni ya kuniponya au ya kunipunguzia maumivu? Nitaweza kuzaa baadaye? Gharama ni kiasi gani, na bima inalipa nini? Hayo si maswali ya utovu wa adabu. Mwili ni wako.

Mimi nilipangiwa mionzi siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5. Walinichora mistari ya wino nyongani, wakanionya nisiisugue nikioga, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha mionzi ielekezwe wapi. Kila asubuhi nilikunywa maji kibofu kijae, ili utumbo usogee pembeni. Nikalala kimya kwenye mashine dakika chache, nikashuka, sikusikia maumivu. Uchovu na kuharisha vilikuja baadaye, lakini vilinikuta nimeshaambiwa, nikamweleza muuguzi, nikapewa dawa. Mwisho ikafuata mionzi ya ndani. Hiyo niliiogopa zaidi, nayo nikaivuka kwa sababu nilieleweshwa mapema.

Watakuja watu na mizizi na chupa za maombi. Wapokee kwa heshima, maana wengi wanakupenda. Ila usikatishe tiba hata siku moja kwa ajili yao, na lolote utakalopewa unywe, mwonyeshe daktari kwanza.

Na usisahau wadogo zako wa kike. Ugonjwa huu huletwa na kirusi, na chanjo yake imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchini kote tangu 2018. Waulize kama wamechanjwa.

Ukitoka kwa daktari, nipigie. Usinitafutie maneno ya kunituliza. Fungua daftari unisomee kilichoandikwa, mstari kwa mstari. Palipo na swali lisilojibiwa, safari ijayo tutakwenda wote kuliuliza.